Picha ya Madame Colonel

Colombe alikuwa ameshakata tonge la pili la bugali na kulichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, alipoondoka. Hakuaga, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuaga. Tonge lilianguka juu ya kitambaa cha meza, kiti kikabaki kimesogea nyuma kidogo, na kule jikoni bidoni ya njano ya lita ishirini, iliyokuwa tupu kando ya mbabula, lile jiko la makaa, tangu asubuhi, ikaondoka pia. Mama yake, Godelive, alichukua sahani safi akafunika ile ya binti yake ili chakula kisipoe. Baba yake, Télesphore, aliendelea kula polepole. Ilikuwa Jumanne mchana, huko Nyamugo, katika mteremko wa Kadutu, na majirani walikuwa wakisikiliza redio.

"Nani tena?" Télesphore akauliza.

"Nitajua aje? Kula."

Colombe alirudi kabla ya jua kuzama, kwa miguu, vumbi limempanda hadi magotini, bidoni tupu ikining'inia mkononi. Safari hii alikuwa Kasha, kule Bagira mwisho, katika sebule ya mama mmoja anayeuza mikate. Mama huyo alikuwa ametumiwa picha na mdogo wake, akaifungua huku akikanda unga. Alimwona Colombe amesimama mbele yake, akamwambia, "Ah, ni weye Madame Colonel? Tua maji hapa ku fût." Maji yalimiminwa kwenye pipa. Akampa mkate mmoja wa moto, akafuta unga vidoleni, akafunga simu. Hakuwa mtu mbaya. Wengi wao hawakuwa watu wabaya, na Godelive angependa sana kumpata mmoja aliye mbaya kwelikweli ili apate wa kumpiga.

Picha yenyewe haina ubaya wowote, na hapo ndipo panapouma. Inaonyesha msichana wa miaka kumi na tano kwenye bomba la maji la mtaa, ameinama, kamba ya bidoni imekaa kwenye paji la uso kama wanawake wa huku wanavyobeba mzigo. Nyuma yake mwanajeshi kijana anamsaidia kuupandisha mzigo mgongoni. Mwanajeshi huyo hakuwa na cheo hata cha kudanganyia. Alikuwa amekuja kunywa maji, akaona foleni haisogei kwa sababu ya bidoni ile, akaishika ili mambo yaende. Colombe alimwambia aksanti, akacheka kidogo, kama mtu yeyote aliyefundishwa adabu kwao. Gloire, rafiki yake wanayeketi naye dawati moja, alikuwa nyuma kwenye foleni na simu ya dada yake. Alipiga picha, akaandika chini yake "Madame Colonel", yaani mke wa kanali, akaongeza vichwa vinavyocheka hadi machozi, akaitupa katika kundi la WhatsApp la darasa lao.

Tangu saa ile, kila mtu anapoifungua picha hiyo, Colombe hufika alipo mtu huyo. Hufika ameinama vilevile, kamba kwenye paji, bidoni imejaa mgongoni, na anacheka kile kicheko cha bombani. Hawezi kukikata hadi picha ifungwe. Ikifungwa, uso wake humrudia, na yuko huru kwenda nyumbani kwa njia anayoijua. Mtu mwingine akiifungua wakati huo, humchukua yeye. Wa mwisho kuifungua ndiye aliye naye.

Mtu wa kwanza kumpata alikuwa mvulana wa darasani kwao, kule Cimpunda, ambaye bibi yake alikuwa akichambua maharage mlangoni. Bibi alimtazama msichana aliyesimama sebuleni akicheka na lita ishirini mgongoni, akasema wageni wa siku hizi hawabishi hodi, akamtafutia kiti. Baada ya hapo darasa zima lilimpitisha nyumba kwa nyumba siku nzima. Walimwita jina lile, wakamwomba awapigie saluti, mmoja akampaka mkaa mashavuni ili awe na alama za cheo. Na kwa kuwa alikuwa akicheka muda wote, wengi waliamini kwamba anafurahia.

Godelive alikwenda kwa kina Gloire kesho yake. Maman Monique, mama yake Gloire, alimwita binti sebuleni, naye akaja ameshika simu kwa mikono miwili.

"Maman, nilishaifuta," Gloire akasema kabla hajaulizwa. "Siku ile ile. Angalia mwenyewe, haiko. Ilikuwa tu ya kucheka."

Godelive aliipokea simu akatazama. Kweli haikuwepo. Katika mji mzima, simu ile ya dada yake Gloire ndiyo pekee ambayo Colombe hangeweza kuitwa kwayo.

"Juu ya nini uliifuta, kama ilikuwa ya kucheka?"

Gloire akaanza kulia, na Maman Monique akasema batoto ni batoto, mama mwenzangu, batapatana. Godelive akarudi nyumbani na hasira yake nzima, hakuna aliyempunguzia.

Sasa, inafaa kueleza kazi ya Télesphore. Alikuwa mwelimishaji katika shirika moja linalofundisha wazazi jinsi ya kuwalinda watoto kwenye simu. Jumamosi alizunguka katika kumbi za parokia na karatasi kubwa na kalamu za rangi. Aliwaambia wazazi wajue watoto wao wanaongea na nani. Wasimnyang'anye mtoto simu anapokuja kuwaeleza tatizo, maana siku nyingine hatakuja. Wahifadhi ushahidi, waende shuleni. Wazazi waliitikia kwa vichwa, wakanywa fanta, wakarudi makwao. Alikuwa mtu mwema na aliyaamini yale aliyoyasema, kwa hiyo alifuata mafundisho yake mwenyewe. Alihifadhi ushahidi. Akaenda shuleni.

Mkuu wa shule, préfet Constantin, aliwapokea yeye na Godelive katika ofisi yenye zulia jipya. Aliomba kuiona picha. Télesphore akaifungua, na Colombe, aliyekuwa darasani upande wa pili wa uwanja katikati ya somo la kemia, akasimama kati ya meza na kabati, ameinama, anacheka.

"Ni hii?" préfet akauliza, akimtazama mara yeye, mara simu. "Papa Télesphore, weye ni mutu ya masomo. Ile kitu ilifanyikia ku robinet, kule ku bomba. Haikufanyikia hapa ku école. Miye niko na règlement, kanuni ya humu ndani. Ku robinet sina règlement."

"Lakini iko naingia mu classe," Godelive akasema. "Banamuita vile mbele ya mwalimu, na mwalimu naye anacheka."

"Na yeye, juu ya nini alikuwa anacheka na musoda, ule mwanajeshi?"

"Nilimwambia aksanti, Monsieur le préfet," Colombe akasema, akicheka, maana simu ilikuwa bado wazi.

"Munaona? Hata sasa iko nacheka." Préfet alivuta miguu yake chini ya kiti. "Mufunge iyo simu, tafazali. Maji iko namwangika ku tapis."

Télesphore akafunga simu. Colombe alijifuta uso kwa mkono wa shati, akaomba ruhusa ya kurudi kwenye kemia, akapewa. Alipotoka, préfet aliwaambia, kwa upole wa mtu anayetoa ushauri wa bure, kwamba wamnunulie mtoto sketi ndefu zaidi.

Baada ya hapo Télesphore alifanya kosa lake. Katika mji huu mtu aliyechafuliwa jina hanyamazi. Awe mchungaji, profesa au rais wa klabu ya mpira, anatoa mise au point: anaandika ukweli wake kwa Kifaransa kilichopigwa pasi, anatia sahihi, na watu wanaupitisha. Asiyefanya hivyo amekiri. Télesphore alikaa ofisini mchana mzima akaandika yake, na ilikuwa nzuri kweli. Alieleza bomba, foleni, adabu, umri wa mtoto. Akawasihi wote wenye moyo wa mzazi wasiifungue picha hiyo, waifute. Kisha, ili kila mtu ajue ni picha ipi asiyopaswa kuifungua, akaibandika juu. Mwishoni akaandika kama inavyoandikwa siku zote: prière de partager largement, tafadhali isambazeni kwa wingi. Akatuma kwa ukoo, kwa parokia, kwa waliosoma naye, na kwa wale wazazi wote wa Jumamosi, waliokuwa katika kundi moja kubwa.

Watu waliguswa. Walijibu kwa mikono iliyokunjwa kusali, wakapitisha. Jioni ile Colombe alikuwa Panzi, Muhumba, Walungu, Uvira, katika ofisi ya askofu fulani, na katika sebule ya mjomba mmoja huko Bruxelles ambaye alimwonea huruma akamvika koti kabla hajafunga simu. Alifika kwenye nyumba iliyofuata, Kamituga, akiwa na koti hilo ndani ya joto. Alirudi nyumbani siku ya pili kwa sababu tu mwanakwaya mmoja wa Nyamugo aliifungua akiwa kwenye ngazi za kanisa.

"Uliiweka na photo?" Godelive alimuuliza mumewe.

"Bila photo, batu batajua aje ni gani?"

Godelive hakumgombeza. Alimtazama mwanamume aliyezaa naye, mwenye tai na diploma, akaona kwamba hakuna mtu mzima yeyote aliyejua zaidi yake, na hapo ndipo hofu ilipomwingia mifupani. Hadi siku ile alikuwa amedhani mahali fulani kuna mtu anayejua la kufanya.

Halafu maji yakakatika Kadutu, na mambo yakabadilika tena. Mji uko ukingoni mwa ziwa kubwa, na bado mabomba yake hukauka wiki nzima. Haikuchukua muda watu kuelewa kwamba picha huleta lita ishirini safi. Wale waliokuwa wameifuta kwa huruma waliiomba upya kwa majirani. Waliomcheka waliacha kucheka, wakapanga mabeseni. "Maman Colombe, tunakuombea sana," walimwambia Godelive njiani, ndoo zao zimejaa. Msichana alikuwa akiitwa alfajiri kwa chai ya watu, mchana kwa kufulia, jioni kwa kuogeshea watoto. Kamba ilimchora alama kwenye paji la uso. Jina halikubadilika, ila sasa lilitajwa kwa heshima kidogo, kama jina la duka.

Vita vilikuwa vikikaribia kutoka kaskazini wakati wote huo. Vilipofika karibu kiasi cha kusikika, watu walianza kufungua vitu vingine kwenye simu zao, picha za barabara na za maiti, na Colombe akapungukiwa na wateja. Wa mwisho kumwita alikuwa mzee wa kisiwa cha Idjwi, mkulima wa mananasi, aliyebonyeza vibaya akitafuta bei ya kahawa. Alipiga simu mwenyewe.

"Jambo, maman. Ni Muzee Murhula, wa Idjwi. Mutoto wenu iko huku kwangu. Unisamehe, macho yangu haionake muzuri. Anakula, analala na bajukuu zangu. Lakini bateau zimesimama, banasema ku ziwa hakuna kupita."

"Aksanti, papa. Munisaidie mumuangalie."

"Tunamuangalia. Iko na akili, mutoto huyu. Lakini analia sana."

Siku zikapita na boti hazikuondoka. Upande wa Kavumu mizinga ililia, na familia zenye jamaa ng'ambo ya mto wa mpakani zilivuka na magodoro vichwani. Télesphore alikuwa akienda bandarini kila asubuhi kuwauliza mabaharia swali lilelile. Godelive alibaki nyumbani na kitanda kilichotandikwa. Hakuwahi kuifungua picha ile kwa mkono wake. Alikuwa ameapa hataifungua, hata wengine wote wakiifungua, na tangu lile kosa lake Télesphore naye alikuwa ameapa hivyo. Lakini asubuhi moja alikaa jikoni na hamu ya uso wa mtoto wake ikamzidi nguvu, kama njaa inavyomzidi aliyefunga. Alijiambia ataangalia kidogo tu. Akaifungua.

Colombe akasimama kando ya mbabula, ameinama, bidoni imejaa mgongoni, anacheka.

Godelive aliifunga simu haraka kama aliyeungua. Kicheko kikatoka usoni mwa mtoto, akabaki msichana mchovu anayenuka moshi wa jiko la watu wengine. Walishikana. Maji yalimwagika yakapita chini ya mlango, hakuna aliyeyajali.

"Maman," Colombe akasema, "kumbe hata weye unawezaka."

Ilisemwa bila lawama, na kwa sababu hiyo Godelive hakuisahau.

Siku iliyofuata wanajeshi wa serikali waliondoka mjini, kwa magari na kwa miguu, wengine wakiwa wamevaa nguo za raia walizonunua kwa haraka. Ghala zikaporwa. Risasi zilipita juu ya mabati. Na mtandao ukakatika mji mzima, kutoka Panzi hadi Kasha.

Itaonekana vibaya kulisema, na Godelive alimwambia padre tu, lakini hizo ndizo zilikuwa siku nzuri kuliko zote. Walilala sakafuni chini ya madirisha, wote watatu chini ya blanketi moja. Majirani walilia na kusali. Nyumbani kwa Godelive mtoto alikula sahani nzima ya maharage bila kuondoka. Alisuka nywele zake hadi mwisho. Alisoma kitabu cha historia kwa sauti huku bunduki zikijibizana kwenye kilima, akalala usingizi mrefu, mdomo wazi kidogo, kama alivyolala alipokuwa wa miaka minne. Godelive alimtazama akipumua na akamwomba Mungu, kwa maneno haya hasa, avirefushe vita.

Vita vya mji havikurefuka. Wanajeshi wapya, wale wa kutoka kaskazini, waliingia wakipanga foleni pande mbili za barabara, maduka yakafunguliwa nusu mlango, na alasiri moja simu zote za mtaa zikaanza kulia kwa pamoja, ujumbe wa siku nyingi ukimiminika. Watu walitoka uani wakishangilia. "Réseau imerudia!" Colombe alisimama, akavaa viatu, akachukua lile koti la mjomba wa Bruxelles. Alikuwa akilifunga kifungo cha mwisho alipoondoka.

Alirudi giza likianza kuingia, akikimbia, akaketi, akaeleza.

Wale wapya walikuwa wameweka kizuizi njiapanda. Walimsimamisha dereva wa pikipiki, wakamwomba simu, wakapitia picha zake moja moja kutafuta watu wa jeshi lililokimbia. Ndivyo walivyofanya kwa kila mtu, na ile picha ilikuwa katika simu ya kila mtu. Mmoja wao akaifungua, na Colombe akafika mbele yao na maji.

"Ni weye Madame Colonel?" yule mtu alimuuliza. "Bwana yako colonel alikimbilia wapi?"

"Sina bwana. Miye ni mwanafunzi."

"Juu ya nini unacheka?"

Alizidi kucheka. Walikunywa maji yake, wakanawa nyuso. Wakati wale wengine wanamkagua aliyefuata, yule mtu alijitumia picha katika simu yake mwenyewe, akaitazama vizuri, akamwambia msichana, bila kupandisha sauti: "Sasa nasi tuko nayo. Tutakuwa tunakuita." Gari likafika lenye bendera, akaifunga simu ili apige saluti. Colombe akakimbia. Bidoni hakuiacha, kwa sababu ni ya mama yake.

Télesphore alisema wavuke mpaka usiku uleule. Godelive alimuuliza simu ya yule mtu inahitaji pasi gani ya kuvuka. Télesphore alisema basi atakwenda kwa wakubwa wao, atawaeleza, ataandika. Alipofika kwenye neno kuandika alijikatisha mwenyewe, akaufunika uso kwa mikono miwili, akalia. Alikuwa amewafundisha wazazi wa nusu ya mji.

Godelive hakulia. Alichomoa simu kwenye chaji, akaketi kwenye kiti cha jikoni, akamwambia Colombe asimame pale penye nafasi. Akaifungua picha. Akaifunga. Akaifungua tena.

Na ndivyo wanavyoishi hadi sasa. Mwanzoni Godelive alijaribu kuiacha wazi tu, lakini haisaidii, maana atakayeifungua baada yake ndiye atakayemchukua. Lazima awe wa mwisho kila wakati. Kwa hiyo anaifungua na kuifunga, anaifungua na kuifunga, kwa kidole gumba cha kulia hadi kichoke, kisha cha kushoto. Télesphore ameacha kwenda ofisini. Yeye humpokea mkewe usiku, huku simu ya pili ikichajiwa kwa kinyozi mwenye jenereta. Mara moja moja wanachelewa, na Colombe yuko Funu, au Nyawera, au mara mbili pale njiapanda, ambapo mara ya pili walikuwa wameshamfungulia mlango wa gari. Kidole cha mama yake kilimrudisha mguu wake mmoja ukiwa umeshapanda.

Kila inapofunguliwa, kamba humrudi kwenye paji la uso na lita ishirini humrudi mgongoni, naye hucheka. Inapofungwa, anautua mzigo, anameza mate, anangoja. Maji yanatoka jikoni mfululizo. Télesphore amechimba mfereji mdogo hadi uani, na majirani huja asubuhi na mabeseni, wanapanga foleni ya adabu, wanakinga, wanasema aksanti, maman, Mungu akubariki na mutoto. Wengine hupiga picha za mfereji. Maman Monique naye huja. Gloire hubaki nje ya lango na ndoo, haingii.

Shule ilifunguliwa upya. Préfet Constantin alituma salamu na kuuliza kama Madame Colonel, alijisahihisha, kama mutoto Colombe atarudi. Katika kundi la wazazi la Télesphore mtu mmoja aliandika kwamba mafunzo yaendelee, kwa kuwa hali ya watoto kwenye simu imekuwa mbaya sana. Wengi waliitikia kwa mikono ya kusali. Chini yake mwingine akaibandika picha, kama mfano.

Leo asubuhi Colombe alitua bidoni akanyoosha mgongo. Amekonda, na alama ya paji la uso imekuwa ngozi ngumu. Ametimiza miaka kumi na sita mwezi huu, na nyumbani aliyekumbuka ni yeye mwenyewe.

"Maman, ni nzito."

"Najua, mama yangu. Vumilia."

"Maman, uache kidogo simu. Uniangalie miye."

"Niko nakuangalia," Godelive akasema, macho yake hayakuondoka kwenye kioo, na akaifungua picha tena, na Colombe akacheka.